Tupeane uzoefu: Kamera unaibebaje mlimani?

Shingo Upande
Ndugu zangu, nimeshuka Mlima Meru juzi na mpaka sasa nikigeuza shingo upande wa kushoto nasikia kama kuna mtu ananinyonga. Kamera na lenzi yangu ndefu kwa pamoja zinakaribia kilo mbili na nusu, na kwa ujinga wangu nilizivaa shingoni kwa mkanda ule mwembamba uliokuja na boksi, kuanzia lango la Momella hadi kambi ya Miriakamba, kesho yake hadi kambi ya Saddle, kisha usiku wa kupanda kileleni. Kila nilipoinama, kamera ilining'inia mbele kama kengele ya ng'ombe. Kwenye ile miamba ya baada ya Rhino Point, mahali panapodai mikono yote miwili, mkono wangu mmoja ulishika jiwe na wa pili uliilinda kamera isijigonge. Askari mwenye bunduki aliyetuongoza aligeuka akaniuliza kama nimekuja kupanda mlima au kulea mtoto. Naomba wenye uzoefu mniambie ninyi hubeba vipi.

Lenzi Moja
Pole sana, mkuu. Mtoto huyo nami nimemlea.

Fundi wa Mwanga
Kosa lako ni shingo. Uzito unapaswa kushuka kiunoni, kwa hiyo tafuta begi la mgongoni lenye mkanda mpana wa kiunoni, ulikaze vizuri mpaka mabega yahisi wepesi, kisha ufunge klipu ya chuma kwenye mkanda wa begani, usawa wa kifua, na kamera ikae hapo ikitazama chini. Unaichomoa kwa kidole kimoja na haichezi unapotembea. Funga pia kamba fupi ya akiba kati ya kamera na begi, kwa sababu siku utakayodhani klipu imejifunga, kumbe haijajifunga, ndiyo siku utakayoikumbuka maisha yako yote.

Mpenda Machame
Klipu ya kifuani ni nzuri mpaka ufike Ukuta wa Barranco, kule Kilimanjaro. Pale kuna sehemu ambapo unalazimika kuukumbatia mwamba kifua kwa kifua, na mimi niliusugua mwamba huo kwa kioo cha kamera nilichokuwa nimemaliza kukilipia mwezi mmoja tu kabla. Penye miamba, kamera iingie ndani ya begi na zipu ifungwe, hata kama mawingu yanapendeza namna gani.

Bibi Kanga
Mimi sina klipu wala begi la gharama. Naifunga kamera kwa kanga mbili kuukuu na kuiweka juu kabisa ndani ya begi, mbali na chupa ya maji. Ila nawakumbusha jambo ambalo vijana hulisahau: baridi. Betri ikipoa huonekana imekwisha, kumbe ukiipasha kwapani inaamka, hivyo betri za akiba zikae mfuko wa ndani wa koti, na usiku zilale nawe. Tena usiingie na kamera iliyotoka baridini, ikiwa wazi, kwenye chumba cha kulia cha kambi ya Horombo, Kilimanjaro, kilichojaa watu na mvuke wa chai. Ifungie kwanza kwenye mfuko usiopitisha hewa, ukiwa bado nje, uiache ndani ya mfuko huo ipate joto taratibu. Lenzi yangu ya kwanza iliota ukungu ndani kwa sababu ya chai.

Hodari wa Kibo
Mnajitesa bure. Mpeni mpagazi, mtembee mikono mitupu.

Lenzi Moja
Umpe mpagazi? Yeye huondoka baada yako, anakupita njiani, na anafika kambini kabla yako. Mnyama akitokea au mawingu yakifunguka, kamera iko wapi? Na ikipotea utamwambia nani?

Hodari wa Kibo
Unamaanisha wapagazi ni wezi? Nimepanda mara tano na sijawahi kupoteza hata soksi.

Lenzi Moja
Neno wizi umeliandika wewe. Mimi nimesema kupotea.

Jirani wa Natron
Mlipotaja kupotea nimekumbuka jambo ambalo hata mke wangu sijamsimulia lote. Tulianza kupanda Ol Doinyo Lengai, ule mlima wa volkano karibu na Ziwa Natron, usiku wa manane, kama ilivyo kawaida, ili jua la bondeni lisitukute njiani. Alfajiri tulikuwa juu na nikapiga picha mpaka nikasahau kunywa maji. Wakati wa kushuka, sehemu ya juu ambayo ina mteremko mkali kiasi kwamba mtu mzima anashuka kwa makalio, begi dogo la kamera nililitundika bega moja tu, kwa kuwa nilitaka kuifikia haraka. Nikateleza, mkanda ukachomoka begani. Begi halikuporomoka kwa kishindo. Lilikwenda taratibu juu ya majivu yaliyoganda, likasimama kidogo kama linalofikiri, likaendelea. Nami nikalifuata. Sikuamua kulifuata, mwili ulikwenda wenyewe. Nilikuwa nimeteleza mita kama nne kuelekea kwenye korongo ambalo sikuona mwisho wake, ndipo nikahisi nimedakwa kwenye mkanda wa suruali. Kijana wa Kimasai aliyetuongoza alikuwa amelala kifudifudi, fimbo ameichomeka kwenye ufa, ananishikilia kwa mkono mmoja. Hakusema neno mpaka nilipoacha kutetemeka, kisha akasema, "Mashine ikienda, iache iende." Begi tulilikuta chini zaidi limekwama, zipu imeachama, na lenzi imejaa lile vumbi jeupe la magadi, ambalo likipata unyevu halina huruma na kamera.

Mpenda Machame
Mungu wangu! Memori kadi ilipona?

Bibi Kanga
Mtu nusura afe, nawe unauliza kadi. Mwanangu, huyo kijana mlimpa nini?

Jirani wa Natron
Kadi ilipona, mama. Kijana nilimpa kilichokuwa mfukoni siku ile, nikaona aibu, nikarudi mwaka uliofuata na mbuzi wawili.

Hodari wa Kibo
Fimbo iliingiaje kwenye ufa ikiwa majivu yameganda?

Jirani wa Natron
Ndugu, nenda ukajaribu.

Kichwa Ngumu
Mimi ni mpagazi, naomba nami niseme. Mzigo wetu haupaswi kuzidi kilo 20 na hupimwa getini, lakini baadhi ya wageni hutoa begi la kamera baada ya mizani na kusema ni dogo tu. Hilo dogo linakaa juu ya yale makubwa, kichwani, na hatuambiwi ndani kuna nini. Nikijua kuna kioo, naliweka kwa namna nyingine na ninapotua mzigo situpi. Ukitaka tukubebee, lipimwe na mengine, uniambie kilichomo, na kadi zenye picha ukae nazo mwenyewe.

Lenzi Moja
Hapo nimekuelewa, kaka, na yule wa soksi naye asome.

Shingo Upande
Nashukuru sana. Nimechagua klipu, kanga moja, na bega lisiwe peke yake kamwe. Swali la mwisho: kamera ilinyeshewa Miriakamba, nami nimeifukia ndani ya mchele tangu jana.

Fundi wa Mwanga
Itoe leo hii. Mchele unaacha unga kwenye matundu. Toa betri na kadi, iweke penye hewa kavu pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya boksi za viatu, na usiiwashe kwanza.

Bibi Kanga
Na huo mchele, ni wa Kyela? Usiutupe.