Piko, hiyo "hina nyeusi" mnayowapaka maharusi Lamu, ni rangi ya nywele, halafu mtu akivimba mnasema "ni damu yake"

Leo sipimi maneno. Binti wa dada yangu, bi harusi wa juzi tu hapa Langoni, yuko fungate na mikono imefungwa bendeji. Maua aliyochorwa yametoka malengelenge mstari kwa mstari, jani kwa jani, hata ukifumba macho ukapapasa unaweza kuufuata mchoro wote. Yakipasuka yanatoka maji ya manjano. Kijiko hashiki, analishwa.

Tukampigia aliyemchora. "Ni damu yake haipatani na piko, mbona wenzake hawadhuriki?" Kisha simu ikazimwa.

Damu yake! Nikaenda duka ambako mchoraji alinunua hiyo piko. Kile kikopo ni rangi ya nywele, jamani, na ubavuni kimeandikwa kwa herufi za sisimizi, kwa Kiingereza, kwamba si cha kupaka ngozini. Namuonyesha muuzaji, ananiuliza risiti iko wapi.

Kinachounguza humo ni kemikali iitwayo parafenilinidiamini, kwa kifupi PPD. Ulaya hawairuhusu kupakwa ngozini; kwenye rangi ya nywele wanairuhusu, na ikishachanganywa isizidi asilimia 2. Marekani nako hairuhusiwi kupakwa ngozini. Hizi "hina nyeusi" za mitaani zimewahi kupimwa zikakutwa na zaidi ya asilimia 10, na huyu mchoraji wetu anakoroga kwa kukisia, akiona haijakolea anaongeza.

Na asije mtu hapa kuniambia hina ni sunna. Hina sina ugomvi nayo. Bibi zetu walitwanga majani ya mhina, wakatia ndimu, mtu akalala nayo mikono imefungwa matambara, asubuhi ikatoka rangi ya chungwa, ikaendelea kukolea mpaka ikawa hudhurungi. Hina inayotoka nyeusi tii kabla hata chai haijapoa, hiyo imetiwa kitu.

"Mbona mie nilipakwa mwaka jana nikawa salama?" Ndivyo inavyofanya. Mara ya kwanza mwili unaweza kuitia alama kuwa ni adui, kimya kimya, balaa likaja safari ya pili au ya tatu. Na ukishaikataa PPD umeikataa maisha. Huyu mtoto akija kutia rangi mvi zake uzeeni, uso unaweza kumvimba mpaka macho yakafunga. Hata baadhi ya dawa za ganzi na rangi za nguo zinaweza kumletea shida. Kwa ajili ya maua ya wiki mbili!

Kule Shela wanachorwa hata watoto wadogo, wa wageni na wetu, mchana kweupe ufuoni. Wakaguzi wa bidhaa wakija mjini wanauliza leseni, wanabeba krimu mbili tatu za kujichubua, wanapanda boti. Kikopo cha piko kiko pale pale mbele ya kaunta, kimepangwa pamoja na udi na mapambo ya harusi, wala si upande wa rangi za nywele. Nani kakipanga hapo, na kwa nini?

Wachoraji mlioko humu, semeni mnatia nini kwenye koni zenu. Na mwenye kumjua anayesaga hina yake mwenyewe, Mkomani au hata Matondoni, aniandikie. Mfungo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, tuna harusi nyingine.