Toharani: deni au uchafu?

Neema: Shikamooni wakubwa. Novemba inakaribia. Rehema kamili ya makaburini, ile ya kumfutia marehemu adhabu iliyobaki kule toharani, anakosafishwa kabla ya kuingia mbinguni, naweza kuitolea marehemu wote wa ukoo kwa siku moja?

Shangazi Vero: Marahaba mwanangu. Hapana. Ni moja kwa siku, kwa marehemu mmoja. Tarehe 1 hadi 8 unazo nane, basi. Kila siku ufike makaburini, uwaombee marehemu hata kimoyomoyo, upokee Komunyo, usali Baba Yetu na Salamu Maria kwa nia za Papa. Kitubio kimoja kinatosha kwa zote nane, ukiungama ndani ya siku kama 20 kabla au baada.

Shangazi Vero: Wengi wanakwama kwenye sharti wasilolisoma: moyo usishikamane na dhambi yoyote, hata ndogo. Likikosekana, unapata rehema isiyo kamili. Na aliye hai humtolei, kila mtu ajitafutie yake.

Baba Mdogo Yona: Dada, nane, ishirini, moja kwa siku... hili daftari la dukani 😅

Shangazi Vero: Daftari la kuhesabu rehema kwa siku na miaka Papa Paulo VI alilifuta 1967. Masharti yaliyobaki yanampima anayeomba, hayampimi marehemu.

Daudi: Si ndiyo maana Luther aliikataa toharani 1517?

Baba Mdogo Yona: Hapana Daudi. Kwenye zile hoja 95 alizoandika mwaka huo dhidi ya biashara ya rehema bado anaikubali. Hoja ya 82 inauliza tu: kama Papa ana uwezo huo, mbona asiwatoe watu wote humo bure, kwa upendo? Kuikana kabisa ni mwaka 1530.

Baba Mdogo Yona: Dada, tuje kwenye 2 Wamakabayo 12, mnayoitumia kuithibitisha toharani. Tuache kwanza kwamba kwetu Walutheri kitabu hicho hakimo kwenye kanuni, yaani orodha ya vitabu vya Biblia. Wale askari waliouawa walikutwa na hirizi za sanamu za Yamnia chini ya nguo. Hiyo ni ibada ya sanamu, dhambi ya mauti kwa katekisimu yenu Wakatoliki. Na toharani haimpokei aliyekufa nayo. Sasa andiko hilo linawasaidiaje?

Shangazi Vero: Hoja nzito, na makatekista wengi huiruka. Yuda Makabayo, jemadari wao, alichangisha drakma 2,000 za fedha, akazipeleka Yerusalemu kwa sadaka ya dhambi. Hirizi aliziona, moyo wa mtu dakika ya mwisho hakuuona. Andiko linathibitisha kwamba wafu waliombewa, na maombi yale yalisifiwa. Anayelibebesha toharani nzima analizidishia mzigo.

Daudi: Mhubiri 9:5. Wafu hawajui neno lolote. Aliyelala anatakaswaje?

Baba Mdogo Yona: Wewe ugomvi wako ni na sisi sote wawili, mimi na Dada hatusemi wafu hawajui kitu 😂

Baba Mdogo Yona: Na 1 Wakorintho 3 je? Kinachoungua pale ni miti, majani na manyasi, yaani kazi ya mjenzi. Na ni "siku ile", siku ya hukumu. Mtu mwenyewe hachomwi asafike.

Shangazi Vero: Lakini mstari wa 15 unasema anapata hasara na anaokolewa "kama kwa moto". Hasara inampata aliyeokoka! Hapo ndipo tuliposimama sisi. Msamaha umeshatolewa, hukumu imeshapita, hakuna nafasi ya pili. Kilichobaki ni kusafishwa.

Baba Mdogo Yona: Ungeishia kwenye kusafishwa nisingebisha sana. Mnapoongeza "adhabu ya muda", inayobaki hata dhambi ikisamehewa, ndipo tunapoachana. Kristo kalipa, salio linatoka wapi?

Neema: Kwani huo moto ni wa kweli?

Shangazi Vero: Tamko la Mtaguso wa Trento, mkutano wa maaskofu wetu, la 1563 halitaji moto. Linasema toharani ipo, na waliomo wanasaidiwa kwa sala, hasa Misa. Kwenye Mtaguso wa Florensi 1439 nako moto uliachwa, maana Wagiriki, yaani Waorthodoksi, waliukataa, askofu wao Marko wa Efeso akiwa mbele. Nao wanawaombea wafu kuliko hata sisi: siku ya 3, ya 9, ya 40.

Neema: Baba Mdogo, kwa hiyo makaburini hutakuja?

Baba Mdogo Yona: Nitakuja. Utetezi wa Ungamo la Augsburg, andiko la imani yetu Walutheri, ibara ya 24, unasema kuwaombea wafu hatukuzuii. Baba Yetu nitaisali. Kwenye Salamu Maria nitakaa kimya, msinitazame.

Neema: Basi tarehe 1 naanza na Babu.

Shangazi Vero: Anza na Bibi. Babu tarehe 2.