Tupeane uzoefu: choo na bafu la wageni, mita 1.2 kwa 1.8, bajeti ya kubana

Mwanzisha uzi: Wakuu, tuweke vipimo na yale yanayoharibika, porojo kando. Naanza na hili: usihamishe shimo la choo. Bomba la inchi 4 linataka mteremko wa sentimita 2.5 kwa kila mita. Ukilisogeza mita moja na nusu, ama unavunja jamvi (zege la sakafu) ama unapandisha sakafu zaidi ya sentimita 15. Hela ya vigae inaishia kwenye kifusi.

Fundi bomba: Naunga mkono. Kabla hujanunua choo, pima kutoka ukutani hadi katikati ya shimo, na uangalie choo kinatolea chini au nyuma. Wengi wanapima ukuta mtupu. Plasta, gundi na kigae vinakula sentimita 2 hadi 3, choo kinagonga ukuta na tundu lake halikai juu ya bomba. Hapo fundi mvivu anajazia simenti, na baada ya miezi harufu inaanza. Kutoka katikati ya choo hadi ukuta wa pembeni acha sentimita 38, mbele yake 55. Sinki liwe la kona, sentimita 35 linatosha kunawa mikono.

Mdau wa Pwani: Mwenye nyumba Mwislamu muulize kibla mapema. Dar na Unguja kibla ni karibu kaskazini kabisa, kwa hiyo, ili mtu asikielekee wala kukipa mgongo, choo kitazame mashariki au magharibi. Choo cha kutolea chini mara nyingi kinageuzika juu ya shimo lilelile, ila si baada ya kukazwa.

Fundi tailizi: Mteremko wa sakafu, sentimita 1.5 kwa mita kuelekea trapu (tundu la sakafuni la kutolea maji), utengenezwe kwenye simenti. Ukiusaka kwa gundi, vigae vitalia kama ngoma. Kisha dawa ya kuzuia maji mikono (matabaka) miwili, wa pili ukikatiza wa kwanza, ipande ukutani sentimita 15, penye shawa mita 1.8. Ikikauka ziba trapu kwa kitambaa na nailoni, jaza maji sentimita 3, piga alama ya penseli ukutani, rudi kesho saa ileile. Maji yakishuka chini ya alama kwa zaidi ya milimita mbili tatu, usibandike kitu.

Hesabu ya vigae: sakafu mita za mraba 2.16; kuta hadi mita 1.2, ukitoa mlango wa sentimita 70, ni 6.36, kona ya shawa kupandisha hadi mita 2.1 ni 1.9. Ongeza asilimia 10 ya kukata na kuvunjika: mita za mraba 11.5. Sakafuni weka vya sentimita 30 kwa 30. Vile vya 60 kwa 60 havifuati mteremko, na maji yanatuama kona.

Fundi umeme: Shawa ya umeme ya wati 5,500 inavuta ampea 24. Ipe laini yake, waya wa milimita za mraba 4 na ethi. Ukiichomeka kwenye laini ya taa utaunguza waya. Na tangi likiwa mita 1 tu juu ya shawa, presha ni bar 0.1, soma kwanza kwenye boksi la shawa inataka ngapi.

Mwanzisha uzi: Mlango je?

Fundi bomba: Ufunguke nje, mkuu. Mgeni mzee akianguka ndani, mlango wa kufungukia ndani utamzuia anayekuja kumwinua. Na mpira wa kuchambia uwekee koki yake ndogo, ifungwe kila baada ya matumizi. Ukiachwa na presha usiku kucha ndio unaopasuka.