Binti yuko chuo Mbeya: yeye ajiunge na nini, na sisi wazazi tushiriki vipi?

Mama_Makambako
Habari zenu wanajamvi. Binti yetu ameanza mwaka wa kwanza MUST (Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya), anasoma umeme. Wiki ya kwanza tu ameshaletewa fomu za vikundi vinne na hajui ashike kipi. Na sisi nyumbani tunajiuliza: mzazi anaweza kushiriki chuoni kwa njia gani, zaidi ya kulipa ada na kungoja mahafali? Tuna mashine ya kusaga hapa Makambako, na mjomba wake ana karakana ya mbao Mafinga. Tusingependa kuonekana wazazi wasumbufu. Naombeni mwongozo.

Mlezi_Iyunga
Hongereni sana mama. Nianze na binti.

Vikundi viwili vinamtosha: kimoja cha fani yake, kingine cha kumpumzisha akili, iwe netiboli, kwaya au jumuiya ya dini yake. Wiki za mwanzo wa muhula ni nyepesi, ndiyo maana kila mtu anajaza kila fomu. Ikifika wiki ya saba au ya nane, testi na ripoti za maabara zinaanguka kwa mpigo, na kila kikundi kinamtaka Jumamosi ileile. Sapu (mitihani ya kurudia) nyingi za mwaka wa kwanza zinaanzia hapo, wala si kwenye ugumu wa somo.

Kabla hajatoa kiingilio, aulize kama kikundi kimesajiliwa kwa Mshauri wa Wanafunzi, kina katiba, na mlezi wake ni mhadhiri gani. Halafu aulize pesa zinaingia wapi. Kikundi kinachokusanya michango kwenye namba ya simu ya mwenyekiti akipitie mbali. Kinachojiheshimu kina akaunti yenye watia saini wasiopungua wawili, na mweka hazina anasoma mapato na matumizi mbele ya wanachama kila muhula.

Kwa watu wa umeme, kazi nzuri ya kujitolea ni kukagua waya na soketi kwenye shule za msingi za jirani. Ila wasiguse kitu bila fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, kuwasimamia, na shule iandike barua ya kuwaalika. Vijana wakifungua swichi bodi kwa ari tu, likatokea la kutokea, mzigo unamwangukia mwalimu mkuu.

Akipenda uongozi, aanze na uwakilishi wa darasa. Ubunge na uwaziri wa serikali ya wanafunzi vinakula muda vibaya, avisubiri mwaka wa pili, matokeo yake yakishaonekana.

Karakana_Mwanjelwa
Mama, mmekalia kitu ambacho chuo kinakihitaji kuliko mchango wa fedha: nafasi za fildi. Kila mwaka baada ya mitihani wanafunzi wa uhandisi wanatafuta mahali pa mafunzo kwa vitendo, mara nyingi wiki 8, na wengi wanarundikana ofisi zilezile za mjini. Mashine ya kusaga yenye mota ya fezi tatu ni darasa zuri kwa mtu wa umeme. Karakana ya mjomba inawafaa wa mitambo pia.

Andikeni barua kwa mkuu wa idara, nakala kwa ofisi inayoratibu mafunzo kwa vitendo. Mtaje mahali mlipo, mashine mlizonazo, idadi ya wanafunzi mnaoweza kuwabeba (wawili wanatosha kwa kuanzia), jina na sifa za fundi atakayewasimamia, na kama kuna chakula cha mchana au pa kulala. Mwanafunzi atakuja na barua ya utambulisho, logibuku (daftari la kuandika kazi za kila siku) na fomu ya tathmini ambayo msimamizi anaijaza mwishoni na kuirudisha kwenye bahasha iliyofungwa.

Logibuku ndiyo inayowaangusha wengi. Ukikuta ukurasa umeandikwa "leo nimesaidia mafundi", hapo hakuna kitu. Inatakiwa hivi: "Nimebadilisha kontakta ya mota ya 7.5 kW, ovalodi nimeiseti ampia 15 kufuata bamba la mota, sababu ya kuungua ni vumbi la unga kwenye kontakti." Halafu mchoro mdogo pembeni. Fundi asaini kila Ijumaa. Kuna wanaosaini wiki zote siku moja kwa kalamu ileile, na mhadhiri anayekuja kukagua analigundua hilo akifungua kurasa mbili tu. Akimkuta mwanafunzi anabeba magunia au ametumwa chai, alama zinashuka, na mwaka unaofuata chuo hakileti mtu.

Mpeni vifaa vya kujikinga tangu siku ya kwanza: buti, miwani, na barakoa kwa sababu ya vumbi. Na binti yenu msimweke kwenu. Hata kama chuo kinaruhusu, mama hawezi kumpa mwanaye tathmini inayoaminika.

Nesi_wa_Uyole
Naongeza jambo ambalo mzazi na mwanafunzi wanaweza kulifanya siku moja: kuchangia damu. Mbeya kuna kituo cha kanda cha Damu Salama, na timu yao hufuata vikundi vilivyojipanga. Kikundi kiombe kwa barua mapema, kitafute ukumbi wenye hewa na meza za kutosha, kiandae maji na soda. Mchangiaji awe na miaka 18 hadi 65 na uzito usiopungua kilo 50. Mwanaume huchangia kila baada ya miezi 3, mwanamke miezi 4.

Wanaoanguka kwenye foleni karibu wote hawajala. Wanafunzi wanapitiliza chai ya asubuhi, tangazo liseme wazi: kula kwanza. Na msipange wiki ya testi, mtakaa na viti vitupu.

Kandambili
Mama, moja tu. Usiombe kuingizwa kwenye grupu la WhatsApp la darasa lao. Wapo wazazi wanaofanya hivyo na watoto wanahamia grupu jingine. Wala usimpigie mhadhiri kuuliza matokeo: binti ni mtu mzima, na kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Ukiwa na wasiwasi wa afya au usalama wake, nenda kwa Mshauri wa Wanafunzi. Huyo atakusikiliza.

Mama_Makambako
Asanteni sana, hili la fildi limetuingia. Je, tunatakiwa kuwalipa hao wanafunzi?

Karakana_Mwanjelwa
Si lazima, mama. Wenye mkopo, Bodi ya Mikopo ina fungu la mafunzo kwa vitendo, ingawa huwa linachelewa kuingia. Wasio na mkopo hawana chochote, kwa hiyo ugali wa mchana na nauli vinawasaidia sana. Mkiamua kutoa, andikeni kiasi kwenye barua ileile ili asije mtu akitegemea mshahara. Barua ifike Machi au Aprili, wakati wanafunzi wanaanza kutafuta. Ikifika Julai mtakuta wameshagawana nafasi, na atakayewajia ni yule aliyekosa kwingine.