Propela ya pichi 15, injini ya farasi 40, boti nzito: mafuta yananimaliza, nibadilishe nini?

nahodha_mdogo

Wakuu, salamu kwenu. Naomba msaada wa wanaojua injini za boti, hasa upande wa propela. Nimeuliza watu watatu, nimepewa majibu matatu, na kila mmoja ana uhakika na lake.

Boti yangu ni ya faiba, futi 19. Nyuma nimefunga injini ya nguvu za farasi 40, mipigo miwili, niliyoinunua ikiwa imeshatumika. Ilikuja na propela yake ya aluminiamu, mapanga matatu, na kitovuni imeandikwa 15, yaani pichi ya inchi 15. Aliyekuwa nayo aliifunga kwenye boti fupi na nyepesi, na naambiwa kule ilikuwa inaruka. Kwangu hairuki. Nikipakia watu watano na mzigo wa kama kilo 400, omo (mbele ya boti) inanyanyuka, tezi (nyuma yake) inakaa chini, na tunabaki hivyo zaidi ya nusu dakika kabla boti haijalala sawa juu ya maji. Nikifungua mafuta yote, mizunguko inaishia 4,300 kwa dakika. Kitabu cha injini kinataka iwe kati ya 4,500 na 5,500. Mwendo kwa GPS ya simu ni noti 17, yaani maili 17 za baharini kwa saa.

Safari yangu ya kwenda na kurudi ni maili 24 za baharini, na inakula lita 26. Hapo ndipo ninapoumia.

Wa kwanza kaniambia nichukue pichi 17 nipate mwendo. Wa pili kasema niachane na aluminiamu, ninunue ya chuma cha pua. Wa tatu kasema dawa ni mapanga manne. Propela si kitu cha kununua kila wiki kwa kujaribu. Nianzie wapi?

kasi_kwanza

Mkuu, fuata wa kwanza. Pichi ni umbali ambao propela ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja kama isingeteleza majini. Ya 17 inapiga hatua ndefu kuliko ya 15. Mimi niliongeza pichi kwenye boti yangu na nikapata noti 2 zaidi, nimezipima mwenyewe.

fundi_gia

Ndugu yangu nahodha, tafadhali usinunue pichi 17 kabla hujasoma hapa.

Kasi_kwanza ameieleza pichi vizuri, ila kasahau kuuliza mwenye kupiga hiyo hatua kabeba nini. Mtu mwenye gunia mgongoni akilazimishwa hatua ndefu, anachoka njiani. Injini yako sasa hivi ndivyo ilivyo. Haifiki 4,500 ambayo ni mwanzo tu wa eneo lake la kazi. Ukiipa 17 itashuka chini ya 4,000, na mwendo utapungua pamoja nayo.

Twende kwenye hesabu. Uwiano wa gia kwenye injini nyingi za ukubwa huo uko karibu na 2, maana yake injini ikizunguka mara mbili, propela inazunguka mara moja. Angalia wako kwenye kitabu. Kwa 4,300, propela inazunguka mara 2,150 kwa dakika. Zidisha kwa inchi 15, geuza kuwa noti, unapata kama 26.5. Huo ni mwendo wa kwenye karatasi, kana kwamba propela ni skrubu inayoingia kwenye mbao. Wewe unapata 17. Theluthi nzima na ushee imepotea kwenye mtelezo! Boti ndogo inayopanda vizuri juu ya maji hupoteza kati ya asilimia 10 na 20, iliyobeba mzigo zaidi kidogo. Yako inasukuma maji nyuma kuliko inavyosukuma boti mbele, na kila lita inayochomwa kwa kazi hiyo imepotea.

Kanuni tunayotumia karakana ni hii: kila inchi moja ya pichi unayopunguza, mizunguko inapanda kati ya 150 na 200. Ukishuka mpaka 12 utapata nyongeza ya 450 hadi 600, yaani utaangukia 4,750 mpaka 4,900. Ukishuka mpaka 11 utapita 4,900, pengine 5,100. Kwa mzigo wako ningeanza na 12. Na usishangae ukiona ya pichi ndogo ina kipenyo kikubwa kidogo kuliko ya 15, ndivyo zinavyotengenezwa. Panga pana zaidi linashika maji mengi, na boti nzito inataka hivyo.

Kuna jambo lingine linalonihangaisha zaidi ya mafuta. Injini ya mipigo miwili inayofanyishwa kazi muda mrefu mafuta yakiwa wazi na mizunguko ikiwa chini inapata joto sana na kujaza masizi ndani. Nimefungua injini zenye pistoni zilizokwaruzika, zenye ringi zilizoganda kwenye mifereji yake, na mwenyewe analaumu oili. Ukiuliza propela, unakuta ni kubwa mno.

kasi_kwanza

Fundi, nimekuelewa. Nimerudi kwenye kumbukumbu zangu: boti yangu ni ya futi 14, natembea peke yangu, na kabla ya kuongeza pichi injini ilikuwa inapita 5,800. Kwa hiyo mimi nilikuwa na tatizo la kinyume. Nahodha, ushauri wangu uweke pembeni.

bi_sukani

Nakubaliana na fundi, lakini kabla hujatoa pesa, mdogo wangu, kagua mengine kwanza. Mimi nilinunua propela mpya nikaifunga, hali ikabaki vilevile. Kumbe waya wa mafuta ulikuwa umelegea. Mkono ulikuwa unafika mwisho, kabureta haifunguki mwisho. Injini ikiwa imezimwa, funua kifuniko, mtu avute mkono wa mafuta na wewe utazame kabureta kwa macho yako.

Halafu pindua boti au ivute pwani uone chini yake. Magamba na majani yaliyoota chini ya boti yanaweza kukunyima noti kadhaa, na hakuna propela itakayokurudishia.

Tazama pia urefu ambao injini imefungwa kwenye ubao wa nyuma. Lile bapa lililo juu ya propela liwe usawa wa chini ya boti, au juu kidogo kama inchi moja. Likiwa chini sana linaburuta maji. Likiwa juu sana propela inavuta hewa kwenye kona na kwenye mawimbi, utasikia injini inapiga kelele ghafla huku boti haiendi.

Na kelele ya namna hiyo ikija hata maji yakiwa shwari, shuku kitovu. Ndani ya kitovu cha propela nyingi kuna raba inayobana ili ukigonga mwamba gia zisivunjike. Raba ikichoka inateleza. Chora mstari mmoja wa rangi uanzie kwenye kitovu cha ndani uvuke mpaka mwili wa nje wa propela, nenda matembezi mafupi, rudi utazame. Mstari ukiwa umekatika na kuachana, umepata jibu. Ila kwako mizunguko iko chini, haiko juu, kwa hiyo sidhani kama ndiyo shida yako. Nimeliandika kwa ajili ya wengine wanaosoma.

tezi_na_omo

Niongeze upande wa mafuta, kwa sababu watu wengi huhesabu lita kwa saa. Saa haikufikishi popote. Hesabu lita kwa maili. Wewe nahodha unatumia lita 1.08 kwa kila maili, na hiyo ndiyo namba ya kupambana nayo.

Boti ina mienendo mitatu. Wa kwanza ni wa polepole, boti ikipasua maji. Kwa boti yenye futi 17 hivi zinazogusa maji, mwendo huo unaishia karibu na noti 5.5, na mafuta ni machache sana. Wa tatu ni boti ikiwa imeshapanda na kulala juu ya maji. Katikati ndipo kwenye hasara: omo juu, tezi chini, boti inapanda kilima cha wimbi lake yenyewe. Umesema unakaa hapo zaidi ya nusu dakika kila unapoondoka. Ukipunguza mwendo kwa ajili ya mawimbi unarudi palepale, unalipa upya. Propela ya pichi ndogo inakuvusha haraka, na boti inabaki juu hata ukirudisha mafuta nyuma.

Mzigo je, unaupanga wapi? Kilo 400 zikirundikwa nyuma karibu na injini, umejitengenezea kilima mwenyewe. Sogeza sehemu yake katikati. Na utoe maji ya ndani ya boti kabla ya kuondoka, ndoo tano tu za lita 20 ni kilo 100 ambazo hukuzihesabu.

chuma_na_maji

Kuhusu chuma cha pua na mapanga manne, kwa kuwa nimetumia vyote.

Chuma cha pua ni kigumu, mapanga yanaweza kufanywa membamba na hayapindi yakisukumwa kwa nguvu. Faida yake inaonekana zaidi kwenye injini kubwa na mwendo mkubwa. Kwa farasi 40 na mzigo, utapata kidogo kwa gharama kubwa. Ukipita kwenye mawe au vina vifupi, fikiria mara mbili: aluminiamu inapinda au kukatika, chuma kinabaki kizima na pigo linakwenda kwenye shafti na gia. Panga la aluminiamu hunyooshwa, gia iliyokatika meno haina wa kuinyoosha.

Mapanga manne yanashika maji vizuri, boti inapanda mapema, mtetemo unapungua, na inashikilia mwendo mdogo bila kuanguka. Mwendo wa juu kabisa unapungua kidogo. Ila ukihama kutoka matatu kwenda manne kwa pichi ileile, mizunguko inashuka, kwa hiyo punguza pichi inchi moja zaidi. Nahodha akifunga mapanga manne ya pichi 15 leo, atakuwa ameongeza ugonjwa.

Rekebisha pichi kwanza, hayo mengine yasubiri.

nahodha_mdogo

Wakuu, nimerudi na namba.

Waya wa mafuta ulikuwa sawa. Chini ya boti kulikuwa na uoto, nimeusugua wote, kisha nikapima tena na propela ileile ya 15 ili nisichanganye mambo. Mizunguko ilifika 4,400, noti 17.6. Kwa hiyo usafi ulisaidia, lakini si sana.

Rafiki yangu ana injini kama yangu, kaniazima propela ya pichi 12, aluminiamu, mapanga matatu. Mzigo uleule, watu walewale, nimesogeza kilo 150 mbele ya katikati. Mafuta yote wazi: 4,950. Mwendo noti 19.3, wastani wa kwenda na kurudi mstari uleule ili mkondo usinidanganye. Boti inapanda kwa sekunde 12.

Kilichonigusa zaidi ni hiki: sasa naweza kurudisha mafuta mpaka 4,300 na boti bado imelala vizuri, noti 15.8. Zamani 4,300 ilikuwa ndiyo mwisho wa nguvu zote, leo ni mwendo wa kupumzika. Safari nzima ya maili 24 imekula lita 20 na nusu. Ni safari moja tu, nitapima nyingine. Fundi, hesabu yangu ya mtelezo inaniletea asilimia 21 nikifungua mafuta yote. Nimepatia?

fundi_gia

Umepatia kabisa. Kwenye karatasi ni noti 24.4, umepata 19.3. Na umefanya vizuri kupima tena na ya zamani baada ya kusafisha, wengi hubadilisha vitu vitatu kwa siku moja halafu hawajui kipi kimesaidia.

Bado kipimo kimoja. Nenda ukiwa mtupu, wewe na mwenzako tu, ufungue mafuta yote kwa muda mfupi huku macho yako kwenye saa ya mizunguko. Ikipita 5,500, rudisha mafuta mara moja. Ikizidi hapo, safari za bila mzigo itabidi uzibane kwa mkono, au uwe na ya 13 pembeni kwa siku hizo. Ikiishia 5,300 au 5,400, pichi 12 ni yako, nunua.

Utakapofunga, zima injini na uchomoe ile kamba ya usalama inayozima injini kabla mkono haujagusa propela. Paka grisi kwenye shafti, usisahau washa nene inayokaa mbele ya propela, na pini ya kufungia nati iwe mpya.

nahodha_mdogo

Asante sana fundi, na bi_sukani, na nyote. Kesho maji yakijaa natoka mtupu kupima. Hii ya 15 je, inaweza kukunjwa ikawa 12?

fundi_gia

Inchi moja fundi wa propela anaweza, mbili kwa shida. Tatu zinachosha aluminiamu, itakatika ukiwa mbali. Iache na pichi yake, nyoosha ncha zilizogongwa, uiweke ndani ya boti pamoja na nati, washa, pini na spana. Siku ukigonga kitu itakurudisha nyumbani, polepole.