Kaka hali chochote kwa mdomo: kiungulia kinatoka wapi?

Mdogo wa Mgonjwa: Ndugu wanajukwaa, hamjambo. Kaka yangu alikatwa sehemu kubwa ya utumbo mdogo wiki tatu zilizopita baada ya utumbo kujisokota, na tangu hapo analishwa kwa dripu: sukari, asidi amino (vijenzi vya protini), na mfuko mweupe wa mafuta ambao siku nyingine haupatikani. Hajatia tonge mdomoni, lakini kifua kinamuungua, na mpira uliopitishwa puani hadi tumboni unatoa maji mengi. Je, dripu inaweza kuamsha tindikali?

Msomaji wa Usiku: Pole. Kama ni protini, si waipunguze tu?

Muuguzi Mstaafu: Hapana, ndugu yangu, mshono hauponi bila protini. Ila swali ni la haki. Mwaka 1978 Isenberg na Maxwell wa Marekani walionyesha kwamba asidi amino zikipitishwa mshipani, tumbo hutoa tindikali ingawa halijagusa chakula. Gastrini, ile homoni inayopanda mtu anapokula nyama, haitoshi kueleza jambo hilo, kwani seli zinazotengeneza tindikali zina vipokezi vinavyozitambua asidi amino zenyewe kutoka kwenye damu. Mafuta ya mshipani, kinyume chake, huituliza tindikali hiyo, kwa hiyo nisingeupuuza huo mfuko mweupe unaokosekana.

Mfamasia wa Zamu: Naongeza jambo ambalo kwa mgonjwa huyu naliona zito kuliko dripu. Utumbo mdogo hutoa homoni za kulizuia tumbo. Ukikatwa sehemu kubwa, kizuizi hupungua, gastrini hupanda, na tindikali inaweza kuzidi kwa miezi kadhaa. Ndiyo maana wagonjwa wa namna hii hupewa dawa za kupunguza tindikali, kama omeprazoli ya mshipa, au dawa za kundi la famotidini. Muulize daktari kama ameandikiwa, na msiifunge dripu wenyewe, maana sukari ya damu inaweza kushuka ghafla. Maji ya mpira yakiwa meusi au ya rangi ya kahawa, mwite muuguzi papo hapo.

Mdogo wa Mgonjwa: Nashukuru sana. Rangi yake ni kijani hafifu, na jana yalifika lita moja na nusu. Nitayaandika kila siku, na kesho daktari akipita nitamuuliza habari za dawa na za ule mfuko.