Sayansi ya Kompyuta au Mifumo ya Habari: tofauti yake kikazi ni ipi?

Mhitimu wa PCM
Shikamooni wakubwa zangu. Nimehitimu kidato cha sita kwa tahasusi ya PCM, na sasa najaza maombi ya chuo nikiwa nimekwama kati ya Sayansi ya Kompyuta, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na Mifumo ya Habari, Chuo Kikuu cha Dodoma. Baba anauliza kwa nini nisome miaka mitatu kitu ambacho vijana wa mtaani hujifunza kwa miezi mitatu.

Fundi Kanzidata
Marahaba, mdogo wangu. Mzee anazungumzia kuchapa barua na kuweka Windows, na kwa hayo miezi mitatu inatosha kabisa. Sayansi ya Kompyuta kwa sehemu kubwa ni hisabati: mantiki, algoriti (hatua za kutatua tatizo), miundo ya data, namna mfumo endeshi unavyogawa kumbukumbu. Mifumo ya Habari huanza na swali la nani anahitaji taarifa ipi na ataiandikaje. Swali hilo nililidharau, nikaumbuka. Katika kazi yangu ya kwanza, mfumo wa wanachama wa SACCOS, niliziweka namba za simu katika safu ya tarakimu badala ya safu ya maandishi, sifuri zote za mwanzo zikapotea, na ujumbe wa marejesho ya mkopo haukumfikia mwanachama hata mmoja mpaka mhasibu alipofungua jedwali na kuniuliza tangu lini namba za simu zikajumlishwa. Kama hisabati huiogopi, nenda Dar es Salaam. SQL, lugha ya kuulizia data kwenye kanzidata, utaikuta kokote.

Dada wa Masjala
Kaka, Dodoma umeipita haraka mno. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu awe na afisa wa kuzilinda, kwa hiyo hospitali, benki na hata shule zinahitaji mtu anayejua taarifa zimehifadhiwa wapi na nani amezifungua. Mimi nilianzia masjala, na leo waandishi wa programu ndio wanaokuja kuniuliza jalada la mgonjwa litunzwe kwa muda gani.

Mhitimu wa PCM
Nawashukuru. Kompyuta mpakato sina kwa sasa. Nianze na nini?

Fundi Kanzidata
Daftari na kalamu. Chora jedwali la wadaiwa wa duka la jirani, kisha ujiulize: mteja mwenye simu mbili utamwandika mara ngapi?